Historia ya Viyeyusho W na Y katika Lugha za Kubuni za J. R. R. Tolkien

1. Utangulizi

Miongoni mwa sauti za lugha za wanadamu, viyeyusho w na y, ambavyo baadhi ya wataalamu huviita nusu irabu, ndivyo vyenye makao yasiyotulia kuliko vyote. Hutamkwa kwa namna inayokaribia irabu lakini hukaa mahali pa konsonanti, na kwa hiyo huvutwa pande mbili daima. Msemaji wa Kiswahili huliona jambo hili katika maneno ya kila siku: kiambishi mu- kikikutana na -ana hutoa mwana, na kiambishi vi- kikikutana na -angu hutoa vyangu. Irabu imegeuka kiyeyusho kwa kuwa imepata irabu nyingine ya kuegemea. Lahaja nazo hutofautiana papo hapo. Kiunguja husema vyombo, Kiamu husema zombo, na kiyeyusho kimetoweka pamoja na konsonanti iliyokitangulia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mabadiliko ya sauti hizo mbili katika lugha ambazo hazikupata kuwa na wasemaji wa kuzaliwa nazo, yaani Quenya na Sindarin, zilizobuniwa na mwanaisimu Mwingereza J. R. R. Tolkien (1892-1973). Huenda ikaulizwa lugha za hadithi zina nafasi gani katika mijadala ya wataalamu wa lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba lugha hizo zilijengwa kwa kutumia vyombo vile vile vinavyotumiwa kuchunguzia ukoo wa lugha za Kibantu, ila vilishikwa kwa upande wa pili. Mchunguzi wa Kibantu huanza na lugha zinazosemwa leo, akarudi nyuma hadi kwenye lugha mame isiyosikika tena. Tolkien alianza na lugha mame aliyoibuni, akashuka nayo hadi kwenye lugha mbili ndugu. Anayeifuata njia hiyo ya kushuka huweza kuona wazi zaidi nguvu na udhaifu wa ile ya kupanda.

2. Mbunifu na elimu yake

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford alifundishwa isimu linganishi na Joseph Wright. Huyu Wright ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza, mwaka 1888, juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha Karl Brugmann kuhusu sarufi linganishi ya lugha za Kihindi-Kizungu. Brugmann pamoja na Hermann Osthoff walikuwa wametangaza mwaka 1878 kwamba kanuni za sauti hufanya kazi bila ya upendeleo: sauti ikibadilika katika mazingira fulani, hubadilika katika maneno yote yenye mazingira hayo. Juu ya msingi huo huo Carl Meinhof alijenga kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu cha mwaka 1899. Basi Tolkien na wachunguzi wa mwanzo wa Kibantu walinywa katika kisima kimoja.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, katika miaka ya 1919 na 1920, Tolkien aliajiriwa katika kazi ya kutunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Sehemu aliyopewa ilikuwa ya maneno yaanzayo kwa herufi w, yakiwemo walnut, walrus na wampum. Kazi yake ilikuwa kufuatilia asili ya maneno hayo, na w ya mwanzo wa neno ni sauti ambayo lugha za Ulaya zimeitendea kwa namna mbalimbali sana.

Mfano mmoja watosha. Neno la Kilatini vinum, maana yake mvinyo, lilitamkwa kwa w hapo kale. Kiingereza kilipolikopa mapema kiliihifadhi w hiyo, na hadi leo neno ni wine. Katika Kilatini chenyewe w iligeuka v baadaye, na Kifaransa kikarithi vin. Kiwelshi kwa upande wake kiliikaza w ya mwanzo kwa kuitanguliza g, na neno likawa gwin. Sauti moja imepata hatima tatu: kuhifadhiwa, kusuguliwa na kukazwa. Hatima hizo tatu ndizo zinazoonekana katika lugha za Tolkien.

Hilo halikutokea kwa bahati. Tolkien alikuwa amevutiwa na Kifini tangu ujana wake, na Quenya ilipata sura yake kwa kiasi kikubwa kutokana na lugha hiyo. Sindarin nayo aliipa kwa makusudi tabia ya sauti inayofanana na ya Kiwelshi, lugha ambayo aliitolea mhadhara mahsusi huko Oxford mwezi Oktoba 1955. Katika Kifini w ya kale imekuwa v, na katika Kiwelshi imekuwa gw. Mbunifu alichukua mikondo miwili halisi ya mabadiliko akaielekeza kwenye chimbuko moja la kubuni.

3. Ushahidi wa kalenda

Ushahidi ulio bora kwa uchunguzi huu umo katika viambatisho vya The Lord of the Rings, riwaya iliyotolewa kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Katika Kiambatisho cha D mna majina ya miezi na ya siku katika lugha zote mbili za watu wa kubuni waitwao Eldar. Orodha hiyo ni fupi, lakini inamwezesha msomaji kufanya kazi ya mwanaisimu linganishi mwenyewe.

Jozi ya kwanza ni jina la mwezi wa nne: Quenya ni Víressë, Sindarin ni Gwirith. Mwanzoni mwa neno v ya Quenya inalingana na gw ya Sindarin. Jozi ya pili ni jina la mwezi wa kwanza: Quenya ni Narvinyë, Sindarin ni Narwain. Hapa v ya Quenya haikulingana na gw bali na w tupu. Je, kanuni imevunjika? La. Katika jozi hii sauti inayohusika haipo mwanzoni. Imo katikati ya neno ambatani. Sindarin hukaza w inapofungua neno, na huiacha kama ilivyokuwa inapotanguliwa na sehemu nyingine ya neno.

Jambo hilo linathibitishwa na neno gwaith, lenye maana ya watu. Likisimama mwanzoni huonekana na g yake, kama katika Gwaith-i-Mírdain, yaani watu mafundi wa vito. Likiunganishwa nyuma ya neno jingine huipoteza, kama katika majina ya nchi Enedwaith na Forodwaith. Kiwelshi hufanya vivyo hivyo: mwanamke ni gwraig, lakini baada ya kitambulishi huwa y wraig. Basi ukizitazama Víressë na Narvinyë pamoja, na ukaziweka mbele ya Gwirith na Narwain, huna budi kukubali kwamba chimbuko la zote lilikuwa w. Quenya imeisugua ikawa v, Sindarin imeikaza mahali fulani na kuiacha mahali pengine.

Jozi ya tatu yatoa onyo. Miongoni mwa majina ya siku, Quenya ina Valanya, siku ya Valar, na Sindarin ina Orbelain. Hapa v ya Quenya inalingana na b, wala si gw wala w. Quenya yenyewe haionyeshi tofauti yoyote kati ya v ya Valanya na v ya Víressë. Msemaji wake angeapa kwamba ni sauti moja, na katika wakati wake angekuwa na haki. Lakini lugha ndugu yashuhudia kwamba v hiyo ina wazazi wawili, mmoja w na mwingine b, ambao wamekutana katika mtoto mmoja. Muungano wa namna hii hufuta historia ndani ya lugha moja, na historia hiyo haiokolewi ila kwa kuiuliza lugha ya pili.

Yapasa pia kuangalia jozi zisizokuwa jozi. Mwezi wa tatu ni Súlimë katika Quenya na Gwaeron katika Sindarin. Yote mawili ni majina ya mwezi wa upepo, lakini mizizi yake ni mbali mbali. Mwenye haraka angeweza kulinganisha s na gw na kutangaza kanuni isiyokuwepo. Kufanana kwa maana hakutoshi. Panahitajika ulinganifu wa sauti unaorudiwa katika maneno mengine.

4. Kiyeyusho y na irabu ya kuegemea

Mwezi wa tisa huitwa Yavannië katika Quenya na Ivanneth katika Sindarin. Mzizi ni ule wa jina la Yavanna, mlezi wa mimea katika hadithi za Tolkien. Quenya imeihifadhi y ya mwanzo bila mabadiliko, jambo ambalo latofautiana na ilivyoitendea w. Katika Ivanneth silabi ya ya imefinyana, na kiyeyusho kimerudi kuwa irabu kamili i.

Hata hivyo y haikutoweka katika Sindarin nzima. Kiambatisho cha E chaeleza kwamba i ya mwanzo ikitangulia irabu nyingine katika lugha hiyo hutamkwa kama y, kwa mfano katika majina Ioreth na Iarwain. Kanuni yenyewe ni nyepesi: palipo na irabu ya kuegemea, sauti hiyo ni kiyeyusho, pasipokuwa nayo, ni irabu.

Kanuni hiyo hiyo huonekana kwa upande wa w mwishoni mwa neno. Katika The Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977 baada ya mauti ya mwandishi, mfalme mmoja huitwa Elwë kwa Quenya na Elu kwa Sindarin. Sindarin imeidondosha irabu ya mwisho, na w iliyobaki peke yake ikawa u. Hii ni njia ya Kiswahili iliyogeuzwa. Katika mwana, u imepata irabu mbele yake ikawa w. Katika Elu, w imepotewa na irabu iliyokuwa mbele yake ikawa u.

Narvinyë na Narwain zina jambo moja zaidi. Quenya ina y baada ya n, lakini katika Sindarin y haionekani tena mahali pake. Badala yake irabu iliyo kabla ya n imekuwa ai. Kiyeyusho kimeondoka kikaacha alama yake kwa jirani. Anayetazama Sindarin peke yake angeona irabu mbili zilizofuatana na asingekuwa na sababu ya kudhani kwamba palikuwa na y.

Quenya nayo haikuitendea w kwa namna moja kila mahali. Neno vanwa, lenye maana ya kilichopotea au kilichopita, lilikuwa na w mbili katika asili yake. Ile ya mwanzo imekuwa v. Ile iliyo baada ya n imesalia w hadi leo, kama ilivyosalia katika Elwë na Manwë. Mahali pa sauti ndipo panapoamua hatima yake. Aidha Kiambatisho cha E chataja kwamba herufi iitwayo vilya, maana yake hewa, hapo kale iliitwa wilya. Jina la herufi lilifuata ulimi, na kumbukumbu ya jina la kale ikawa shahidi wa mabadiliko yenyewe.

5. Mwelekeo wa mabadiliko: mfano wa Kiswahili

Hadi hapa ulinganisho umekwenda sawa. Lakini ipo hatari ambayo mifano ya Sindarin yaweza kuificha, na Kiswahili ndicho kinachoifichua.

Kiswahili husema watu wawili, lakini nyumba mbili. Mzizi ni mmoja, na una sura mbili: -wili na -bili. Aliyetoka kusoma habari za gwaith na Enedwaith angeweza kushawishika kusema kwamba hapa pia w ndiyo ya asili, nayo imekazwa ikawa b kwa sababu ya m iliyoitangulia. Sura ya nje ya jambo hili ni ile ile: mahali fulani pana w laini, mahali pengine pana konsonanti ngumu.

Lakini Luganda husema abantu babiri, na Kizulu husema abantu ababili. Lugha hizo zina b hata pasipo na nazali, tena katika kiambishi pia, ambacho katika Kiswahili ni wa-. Ushahidi wa lugha ndugu ni kwamba b ndiyo ya kale. Katika Kiswahili ilihafifika ikawa w, isipokuwa baada ya nazali, ambako ililindwa. Kwa hiyo mbili huhifadhi ugumu wa kale, ilhali gwaith huonyesha ugumu mpya. Maumbo yanayofanana yametokana na historia zilizo kinyume.

Swali la namna hiyo hiyo hutokea kwa y. Kiunguja husema moja, jua na maji. Kiamu husema moya, yua na mayi. Kuhafifika kwa j kuwa y ni jambo linalojulikana duniani, na kukazwa kwa y kuwa j kunajulikana pia: neno la Kilatini iuvenis, maana yake kijana, lilianza kwa y, na warithi wake ni giovane katika Kiitalia na jeune katika Kifaransa. Kwa hiyo jozi ya moja na moya, ikitazamwa peke yake, haiwezi kusema ni ipi iliyotangulia. Hukumu lazima itokane na lugha za jirani na mfumo mzima wa sauti, wala isitokane na fahari ya lahaja moja juu ya nyingine.

6. Historia ya ndani na historia ya nje

Katika lugha za kubuni mna historia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya ndani, yaani ile inayodaiwa kutokea kwa watu wa hadithi katika maelfu ya miaka. Ya pili ni ya nje, yaani ile ya karatasi na wino wa mbunifu, ambayo kwa Tolkien yafuatika tangu msamiati wa mwanzo wa Quenya wa mnamo 1915. Lugha iliyokuja kuitwa Sindarin ilikuwa, katika maandishi ya miaka ya 1930, ikiitwa Noldorin, na ilihesabiwa kuwa ya kabila jingine katika hadithi. Baadaye Tolkien aliihamisha lugha kwa watu wengine, huku sehemu kubwa ya kanuni zake za sauti ikibaki. Orodha yake ya mizizi ya wakati huo ilichapishwa mwaka 1987 chini ya uhariri wa mwanawe Christopher, na humo jambo hilo laonekana wazi.

Kuna watakaosema kwamba hapa ndipo thamani ya lugha hizi inapokoma, kwa kuwa kanuni inayoweza kuhamishwa kutoka kabila hadi kabila kwa kalamu ya mtu mmoja haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu lugha za wanadamu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Sindarin haiwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba w hugeuka gw. Ushahidi wa hilo umo katika Kiwelshi. Zaidi ya hayo, lugha halisi huchanganyika. Kiamu hukutana na Kimvita sokoni na Kiswahili Sanifu shuleni, maneno yakakopwa huku na huko, na kanuni zikaonekana kuwa na mianya. Lugha za Tolkien hazikupata masoko wala shule, na ulinganifu wake wakati mwingine ni safi kupita kiasi.

Lakini zipo lugha za kubuni zisizoweza hata kuulizwa swali hili. Esperanto, iliyotolewa na L. L. Zamenhof mwaka 1887, ina viyeyusho viwili vilivyopewa herufi zake, j na ŭ, lakini haina lugha mame iliyobuniwa wala lugha ndugu, na msingi wake uliidhinishwa mwaka 1905 kuwa usioguswa. Lengo la Zamenhof lilikuwa mawasiliano ya watu wa leo, na kwa lengo hilo historia ingekuwa mzigo. Tolkien alitaka lugha yenye ukoo, na akatambua kwamba ukoo hauwezi kutangazwa tu; hauna budi kuonekana katika tofauti zenye utaratibu.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba w na y za lugha mame moja ya kubuni zimepata hatima tofauti katika Quenya na Sindarin kulingana na mahali pake katika neno: w imekuwa v, gw, u au imebaki w, y imebaki y, imekuwa i, au imeondoka ikaacha alama katika irabu. Tofauti hizo ndizo zinazozifanya lugha mbili kuwa ndugu. Kama Sindarin ingalikuwa na Víressë na Yavannië vile vile, msomaji angedhani ni maneno ya kukopwa.

Kwa mchunguzi wa lugha za Kiafrika fundisho ni la tahadhari. Maumbo ya Kibantu mame yanayoandikwa kwa kinyota katika vitabu hayakupata kusikiwa na mchunguzi yeyote. Ni kazi ya akili kama yalivyo maumbo yaliyowekewa kinyota kile kile na Tolkien. Kinachoyatofautisha ni kwamba maumbo ya Kibantu mame yanalazimika kujibu kwa babiri ya Luganda, ababili ya Kizulu na wawili ya Kiswahili, na yakishindwa kujibu huachwa. Tolkien, alipoona lugha zake hazimridhishi, aliweza kuzibadilisha lugha zenyewe. Mchunguzi wa Kibantu hana ruhusa ila ya kuibadilisha nadharia yake. Kwa sababu hiyo kila lahaja ndogo ya pwani inayosemwa bila kuandikwa ni shahidi, na ikinyamaza kabla ya kuulizwa, baadhi ya vinyota vitabaki kuwa ubunifu mtupu.